Barua ya wazi kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili: khati yetu inahitaji fonti huria

Kwa Waheshimiwa viongozi wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Baraza la Kiswahili la Taifa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na kwa wote mliokabidhiwa nyaraka na miswada ya pwani.

YAH: KUTENGENEZWA KWA FONTI HURIA YA KISWAHILI KWA HERUFI ZA KIARABU

Waheshimiwa,

Kwa heshima nawaandikia mimi mpangaji wa kurasa za vitabu, mzaliwa wa Lamu ninayefanya kazi Mombasa, nikiomba jambo moja: mkubaliane juu ya tahajia moja ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kisha mgharimie fonti huria itakayoibeba tahajia hiyo pamoja na kibodi yake, ili mtu yeyote aipakue bila malipo na kuitumia katika simu, katika kompyuta na katika mitambo ya uchapaji.

Ombi hili limetokana na madaftari. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mnakili wa tendi. Akiazimwa utendi na jirani, aliunakili kwa mkono wake katika daftari la shule, beti kwa beti, mistari miwili upande wa kulia na miwili upande wa kushoto, kisha akaurudisha ule alioazimwa pamoja na kitu kidogo cha shukrani. Wanawake wengi wa mitaa yetu walisoma na kuandika hivyo. Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kumwusia binti yake, umetufikia kwa mikono ya wanawake kama hao. Hata hivyo, karani mmoja alipopita nyumbani kwetu kuandikisha watu, alimwandika bibi yangu kuwa hajui kusoma wala kuandika, kwa kuwa alishindwa kusoma karatasi ya herufi za Kirumi aliyoonyeshwa. Nilikuwa mtoto, nilikuwapo, na daftari lilikuwa juu ya meza.

Alipofariki nilirithi madaftari saba. Niliazimia kupanga moja kama kijitabu, maandishi ya asili upande mmoja na herufi za Kirumi upande wa pili, nikidhani kwamba mtu aliyepanga vitabu vya kila aina angelimaliza kwa wiki mbili. Nilitumia miezi. Nakala za kwanza ziliporudi kutoka kiwandani, kila penye ڤ, yaani v, herufi ilikuwa imeachana na wenzake na kusimama peke yake katikati ya neno, kwa sababu fonti niliyoichagua haikuwa nayo, na mtambo ulikuwa umeiazima kutoka fonti nyingine. Alama nilizotumia kuonyesha sauti ya e na ya o zilikuwa zimegeuka visanduku vitupu. Kasra, yaani alama za irabu zinazokaa chini ya herufi, zilikuwa zimeangukia juu ya nukta za herufi پ (p) na چ (ch), hata msomaji asiweze kujua kama aonacho ni nukta au irabu. Sikuwa na la kufanya ila kuzitupa nakala zote.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu mara nyingi huambiwa kwamba fonti za Kiarabu zimejaa tele, basi shida iko wapi. Shida ni kwamba fonti ya Kiarabu imetengenezwa kwa ajili ya lugha ya Kiarabu, na Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu hakina. Wazee wetu walioandika kwa herufi zile bila kuongeza kitu walimtegemea msomaji aijue lugha vizuri kabla ya kufungua karatasi. Neno lililoandikwa بَبَ laweza kuwa baba, laweza kuwa papa, laweza kuwa bamba, na laweza pia kuwa pamba, kwa maana p iliandikwa kwa be na sauti ya m mbele ya b au p haikuandikwa kabisa. Kasra ilikuwa i na e, dhumma ilikuwa u na o, fe ilikuwa f na v, ghaini ilikuwa gh, g na ng. Kwa msomaji aliyekwisha kuusikia utendi ukiimbwa hilo halikuwa tatizo, kwani macho yalikuwa yakimkumbusha tu. Kwa kijana wa leo anayetaka kuusoma kwa mara ya kwanza, ni ukuta.

Upungufu huo waliuona wenyewe, na walioshughulika kuurekebisha ni watu wa pwani wenye elimu yao. Mjini Mombasa, katika miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyekuwa akiyaandika mashairi ya Muyaka bin Haji yasipotee alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuongeza alama zinazotofautisha sauti za Kimvita, lahaja ya Mombasa. Baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliongeza herufi zake ili Kiswahili kisomeke bila kubahatisha. Mwaka 1997 Mu'allim Yahya Ali Omar pamoja na P. J. L. Frankl walichapisha pendekezo kamili la mfumo wa kuandika Kiswahili cha Mombasa kwa herufi za Kiarabu, na Kevin Donnelly, mtafiti na mtunzi wa programu huria, akatengeneza zana aliyoiita Andika! inayotumia mfumo huo. Kwa hiyo kazi ya fikra kwa sehemu kubwa imekwisha kufanywa. Kilichokosekana ni mamlaka ya kukaa na mapendekezo hayo, ambayo hayakubaliani katika kila jambo, na kuamua.

Mapendekezo hayo yanabeba pia kitu ambacho tahajia yetu ya Kirumi imekiacha. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilichukua Kiunguja kuwa msingi, na katika maandishi sanifu paa wa mwituni na paa la nyumba huandikwa sawa. Katika Kimvita mpwa wangu mwenye miaka sita hawezi kuyachanganya, kwani la kwanza hutamkwa kwa kutoa pumzi na la pili bila pumzi. Ndivyo ilivyo kwa kaa wa baharini na kaa la moto. Tunazo pia t ya meno na t ya ufizi. Mwalimu Sikujua aliziona sauti hizi akaziandika. Sisi wenye kompyuta hatuziandiki.

Sasa niingie katika suala la kibodi na misimbo, ambalo nawaomba mlisome kwa subira kwa sababu ndilo linaloharibu kazi kimyakimya. Herufi پ, چ, ڤ na گ (g) zimo katika orodha ya Unicode, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi msimbo wake, tangu miaka ya 1990. Hatuna haja ya kuomba ziingizwe. Hata hivyo kibodi ya kawaida ya Kiarabu haikuziweka mbele ya mwandishi, kwa hiyo kila mmoja hujitafutia njia yake. Wapo wanaotumia kibodi ya Kiajemi, ambayo ina tatu kati ya hizo nne na haina ڤ. Mimi nilihangaika mpaka nikagundua kwamba kibodi ya Kikurdi inazo zote nne. Fikirini, Waheshimiwa: ili niandike utendi wa Lamu, natumia kibodi ya Wakurdi, na nawashukuru.

Lakini kuazima huko kuna gharama isiyoonekana kwa macho. Kibodi za Kiajemi na Kikurdi huandika kafu na ye kwa misimbo yao wenyewe, tofauti na misimbo ya Kiarabu, ingawa katikati ya neno maumbo yake yanafanana kabisa. Ukiandika neno "kitabu" kwa kibodi ya Kiarabu, nami nikaliandika kwa kibodi ya Kikurdi, mwanadamu ataona neno moja na kompyuta itaona maneno mawili. Ukitafuta lako katika maandishi yangu, utaambiwa halimo. Hapo hatuna tena hazina moja ya maandishi, tunazo hazina nyingi ndogondogo zisizojuana, na kila mwaka unaopita bila uamuzi watu wanazidi kuandika na mkanganyo unazidi kuongezeka. Ndiyo maana naomba tahajia itangulie fonti, na uamuzi huo utaje msimbo wa kila herufi na wa kila alama. Jambo hilo laweza kuandikwa katika kurasa chache. Likiachwa, fonti nzuri kuliko zote haitatusaidia.

Fonti yenyewe ni zaidi ya michoro. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kwa kadiri ya mahali ilipo, mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni au ikiwa peke yake, na kila umbo lazima lichorwe na kufungamanishwa na mengine kwa kanuni zilizomo ndani ya faili la fonti. Kiswahili kinaongeza uzito mwingine. Maandishi ya Kiarabu ya kila siku huacha irabu fupi bila kuziandika, kwa hiyo wachoraji wengi hawajasumbukia sana nafasi za fataha, yaani alama ya a, na kasra. Kiswahili hakiwezi kusomeka bila irabu. Kila herufi yetu hubeba alama juu au chini, ukurasa mzima, na fonti isiyozipa alama hizo mahali pake huufanya mstari uonekane kama mchanga uliomwagika. Chukueni maneno ya kawaida kama "pili" na "chini": پ na چ zina nukta tatu kwa chini, na kasra nayo hukaa chini. Asiyejua Kiswahili haoni kwa nini jambo hilo lihitaji siku za kazi. Anayejua analikuta katika kila ubeti.

Kuna pia suala la sura, na hapa nasema kwa mapenzi. Pwani ilikuwa na mkono wake. Mafundi wa Siu, katika kisiwa cha Pate, walinakili misahafu iliyosifika kwa mapambo yake. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango na mwandishi wa khati kwa pamoja, na tendi alizowanakilia watafiti wa Kizungu Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann zimehifadhiwa Ulaya hadi leo. Ukiutazama mwandiko wake unajua mara moja kwamba huyu hakutoka Cairo wala Istanbul. Ningetamani mchoraji wa fonti aanze kwa kukaa na kurasa za Kijuma kabla hajagusa kompyuta.

Jambo kama hilo limekwisha kufanyika upande wa pili wa bara letu. Waandishi wa Kano, nchini Nigeria, na wenzao wa Niger, wana fonti iitwayo Alkalami, iliyochorwa kufuata khati yao. Afrika Magharibi wana nyingine iitwayo Harmattan. Zote mbili zimetolewa na shirika la SIL kwa leseni huria, na shirika hilohilo lina fonti ya herufi za Kirumi kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, ambayo limeipa jina la Andika, neno letu. Nchini Guinea, ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza mwaka 1989 wakiwa bado watoto kuibuni hati ya Adlam kwa ajili ya lugha ya Kifulani. Waliandika vitabu kwa mkono na kufundisha sokoni, na mwaka 2016 hati yao ikaingizwa katika Unicode, kisha ikapatiwa fonti huria. Wao walianza bila herufi hata moja inayotambuliwa na mtambo wowote. Sisi tuna herufi, tuna miswada ya karne tatu, na tuna taasisi zenye majengo na bajeti.

Nasisitiza neno huria, na naomba msilikubali badala lake neno "bure" peke yake. Fonti iliyotolewa bure leo yaweza kesho kufungwa na mwenyewe, au ikakatazwa kuwekwa ndani ya programu, au ikazuiwa kurekebishwa. Leseni huria ya fonti, kama ile ya SIL iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2005, humruhusu kila mtu kuitumia, kuisambaza na kuirekebisha, na hukataza kuiuza peke yake kama bidhaa. Mwalimu wa chuo, yaani madrasa, wa Pemba atakayeona kwamba alama fulani imekaa vibaya ataweza kumpa fundi airekebishe, na marekebisho yakawa ya wote. Watengenezaji wa simu nao wataweza kuiweka ndani ya simu bila mkataba na yeyote. Ikiwa fedha ya umma ndiyo itakayolipa kazi hii, na naamini inapaswa kulipa, sioni kwa haki gani matokeo yake yafungiwe.

Naelewa hofu mbili ambazo huenda zikatajwa mezani. Ya kwanza ni kwamba huu ni mpango wa kuziondoa herufi za Kirumi. Sivyo. Mimi hula mkate wangu kwa herufi za Kirumi, na barua hii nimeiandika kwa herufi hizo. Ya pili ni kwamba hili ni jambo la dini. Ni kweli kwamba herufi hizi zilifika na Uislamu na zinafundishwa vyuoni hadi leo, na sina sababu ya kulificha hilo. Lakini yaliyoandikwa kwazo ni maisha yote ya watu wa pwani: hati za mashamba na nyumba, wasia, dawa, madeni, mashairi ya Muyaka ya siasa na ya njaa na ya mapenzi, na tarikh za miji. Barua za Kiswahili za mwaka 1711 zilizotoka Kilwa, ambazo zimehifadhiwa Goa, zilihusu mambo ya watawala na Wareno. Taylor alikuwa padri, na hakuona kizuizi cha kujifunza khati hii kwa Mwalimu Sikujua.

Mzigo wa kusubiri unaangukia nyaraka. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulioingizwa mwaka 2003 katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu iliyokusanywa na J. W. T. Allen. Hamburg wana nakala ya Utendi wa Tambuka, uliotungwa mwaka 1728, na London wana karatasi za Taylor na Hichens. Miswada mingi ya namna hii imepigwa picha, na picha hizo ni neema. Lakini picha haitafutiki. Hatuwezi kuuliza neno fulani limetumika katika tendi ngapi, wala kulinganisha nakala mbili za utendi mmoja, mpaka mtu akae na kuyaandika upya maneno yake kwa herufi ambazo kompyuta inazitambua, na mtu huyo leo hana kibodi, hana fonti na hana tahajia ya kufuata. Akiandika kwa herufi za Kirumi peke yake, atakuwa ameshaamua kwa niaba yetu kila penye be kama ni b, p, mb au mp, na msomaji wa kesho hatakuwa na njia ya kuona kilichokuwa kwenye karatasi.

Ninachoomba kutoka kwenu kinaweza kuanza kwa kikao kimoja. Kamisheni, ambayo makao yake yako Zanzibar na ambayo nchi zetu zote zimo, iite wataalamu wachache wa khati kutoka Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, pamoja na walimu wa vyuo, wahifadhi wa nyaraka na mafundi wawili watatu wa kompyuta, na wasitoke bila jedwali la herufi, alama na misimbo. Msiwaite maprofesa peke yao. Wako wanawake wazee wa Lamu na Faza ambao husoma tendi hizi kama mimi ninavyosoma gazeti, na wakiondoka hatutakuwa na wa kumwuliza neno hili lisomweje. Jedwali likishapatikana, tangazeni zabuni kwa mchoraji wa fonti, sharti la leseni huria likiwa limeandikwa katika mkataba tangu siku ya kwanza, na kibodi itengenezwe sambamba, ya simu kabla ya ile ya kompyuta, kwa sababu vijana wetu huandikia simu. Kabla fonti haijatolewa, ipewe watu waandike nayo utendi mzima. Sentensi moja ya majaribio haitoshi, kwani makosa ya alama hujificha mpaka ukurasa wa thelathini, nami nimelijua hilo kwa gharama yangu.

Tarehe 7 Julai ya kila mwaka, tangu UNESCO ilipoamua mwaka 2021, dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili, na nimehudhuria maadhimisho ambamo mabango yamepambwa kwa picha za miswada ya kale kama ua la pembeni. Ningefurahi kuona moja ya siku hizo ikitumika kutangaza tarehe ya kikao hicho.

Madaftari saba ya bibi yangu yako kwangu, yamefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku lisiloingia unyevu. Sita kati yake yanasomeka yote, na la saba limeliwa na mchwa pembeni lakini beti zake nyingi ni nzima. Mkihitaji maandishi halisi ya kujaribia fonti, semeni tu, nami nitayaleta Zanzibar mwenyewe kwa nauli yangu.

Wenu mtiifu,
Mpangaji wa kurasa, Mombasa